Mwalimu wa Siku Saba

Katika sharika zetu za zamani, neno "mwalimu" lilibeba kazi mbili. Enzi za wamisionari, mtu yuleyule aliyefundisha kusoma Jumatatu ndiye aliyeongoza ibada Jumapili, akatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Tumemsifu sana, naye anastahili. Lakini hatujajiuliza alikuwa akilala saa ngapi.

Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi. Wengi wetu tulibeba mawe na mchanga. Kufikia 2010 shule za sekondari nchini zilikuwa zimezidi 4,000. Watoto wa wakulima walipata nafasi ambayo baba zao hawakuipata, na hilo hatulibezi. Ila madarasa yalitangulia, walimu wakafuata. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha. Mitaani wakaitwa "voda fasta", jina la kejeli walilolibeba mbele ya wanafunzi waliowazidi umri kidogo tu. Nyumba za walimu, kwingi, zilibaki kwenye ahadi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa kupata sifuri, mwalimu ndiye aliyenyooshewa kidole. Mwaka 2016 ada ilifutwa, madarasa yakajaa, na rundo la madaftari ya kusahihisha likakua.

Nasi kanisani? Jumamosi tunamtaka afundishe kipaimara, kwa kuwa ni mwalimu. Jioni kwaya, kwa kuwa anajua noti. Jumapili ahesabu sadaka, kwa kuwa ni mwaminifu. Mmoja wao alisinzia katikati ya mahubiri, tukamtania mlangoni. Alijibu bila hasira kwamba pale ndipo mahali pekee anapokaa juma zima bila kuitwa.

Eliya alipochoka chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ilikuja baadaye. Tulilisoma somo hilo katika baraza la wazee. Wawili walinung'unika. Hata hivyo, tangu Majilio kipaimara tunafundisha sisi wachungaji pamoja na mwinjilisti, na sadaka inahesabiwa na wastaafu wa usharika.