Meza ya Bigwa: Historia ya Katani, Visoda na Mikono

Tukiandika historia ya Morogoro huwa tunaanza na reli, mkonge na viwanda. Sawa. Lakini kuna historia nyingine iliyokaa juu ya meza: kitambaa cha kufuma, chupa iliyogeuzwa chombo cha maua, kitu cha kuwekea sufuria ya moto kilichoshonwa kwa visoda. Bigwa, pale chini ya milima ya Uluguru, ni mahali pazuri pa kuisoma.

Kwanza, meza yenyewe ni mgeni. Watu walikula chini, kwenye mkeka, na urembo ulikuwa kwenye vyombo: ungo, kikapu, chungu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Morogoro kutoka pwani miaka ya 1880. Reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika 1907. Taratibu ikajengeka fikra kwamba nyumba ya mtu aliyesoma ina meza, na meza haiachwi mtupu. Wasichana shuleni wakafundishwa kudarizi na kufuma.

Lakini fikra ilikuja bila vifaa. Uzi unauzwa, maua ya dukani yanauzwa. Basi wanawake wakatazama kilichopo. Milimani kuna migomba: maganda yake yakikauka hupasuliwa nyembamba na kusukwa. Huku chini kuna katani. Mkonge aliuleta Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikapona safari. Kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Zao lililolimwa ili lifunge mizigo ya Ulaya likaishia pia chini ya sahani za wageni.

Halafu ukaja ukata. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, maduka matupu, foleni ya sabuni. Kipindi hichohicho Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lengo jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo. Wakati mashine zile kubwa zimelala, "kiwanda" cha sebuleni kilikuwa kazini. Chupa ilikatwa hivi: unalowesha uzi kwa mafuta ya taa, unauzungushia, unauwasha, kisha unaitumbukiza chupa kwenye maji baridi. Inapasuka palepale ulipopita uzi. Unasugua ukingo kwa jiwe. Visoda navyo, kila kimoja kilivikwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani, vikaunganishwa kwa sindano mpaka vikawa duara.

Wengine watasema huo ulikuwa umaskini tu, tusiupambe. Sikubaliani nao. Umaskini unaeleza kwa nini kisoda. Hauelezi kwa nini chekundu kikae katikati na vya bluu vikizunguke. Hakuna njaa inayomlazimisha mtu kuchagua rangi. Hapo kuna mtu aliyeamua, aliyefumua akarudia, aliyetaka mgeni akikaa ajue kwamba alisubiriwa.

Kuanzia 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Miaka iliyofuata maua ya plastiki yakajaa masokoni, hayanyauki, hayahitaji kazi. Kitambaa cha katani kikaitwa ushamba, kikashushwa mezani, kikafungiwa kabatini au kikawa cha kudekia. Leo upepo umegeuka tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mpambaji wa harusi anakukodishia chupa iliyozungushiwa kamba ya katani, tena kwa hela ya maana. Anaiita mtindo mpya.

Upya uko wapi? Tatizo ni kwamba ushahidi haupo. Maganda ya mgomba huoza, kitambaa huliwa na mende, chupa huvunjika, na aliyevitengeneza hakuandika jina lake popote. Kumbukumbu za kiwanda kilichoshindwa zimo kwenye mafaili. Za waliofaulu kwa visoda zimo vichwani mwa kina mama na bibi zetu, nao wanaondoka.

Kwa hiyo ukienda kwenu, usipige picha tu. Uliza kilishonwa mwaka gani, uzi ulitoka wapi, nani alimfundisha nani. Andika. Mkeka, ungo na kisoda navyo ni maandishi, vinasubiri msomaji.