Kutoka Hadibodi hadi Kompyuta: Safari ya Mtindo wa Tingatinga

Historia ya uchoraji wa Tingatinga ni fupi, lakini ina mafunzo mengi kwa wanaochunguza namna sanaa inavyohama kutoka nyenzo moja hadi nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vibao vya mraba vya hadibodi, ambavyo mafundi waliviweka darini, na rangi za enameli za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hiyo.

Nyenzo hizo duni ndizo zilizoulea mtindo. Enameli hukauka taratibu. Kwa hiyo mchoraji hupaka usuli kwanza, akangoja, ndipo akachora mnyama, kisha akamalizia kwa mistari na madoadoa. Matokeo yake ni umbo lenye mipaka dhahiri, rangi kali, na mnyama anayejitenga waziwazi na usuli.

Sifa hizo zilipatana na kompyuta. Katika programu za uhuishaji, picha hugawanywa katika matabaka: usuli, kiwiliwili, mguu, sikio, jicho; na kila tabaka huweza kusogezwa peke yake. Mwaka 2010 BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 vya watoto uliofuata mtindo huo na kuhuishwa jijini Nairobi. Utaratibu wa matabaka, ambao mchoraji aliupata kwa kungoja rangi ikauke, mhuishaji aliukuta tayari ndani ya mashine.

Hata hivyo, si ufundi wote uliohama. Juu ya hadibodi, kila doa ni la mkono na halilingani na jirani yake. Likikosewa, hubaki au hufunikwa. Katika kompyuta doa moja hunakiliwa mara elfu, na kosa hufutwa bila kuacha alama.

Suala zito zaidi ni la umiliki. Sheria ya hakimiliki hulinda kazi iliyotungwa, wala si mtindo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua pia sanaa za jadi, lakini Tingatinga haiingii humo kwa urahisi, kwa kuwa mwanzilishi wake anajulikana kwa jina. Hivyo mtindo huu umekaa katikati: ni mchanga mno kuitwa jadi, na umeenea mno kuitwa mali ya mtu mmoja.

Lugha yenyewe imeshuhudia mabadiliko hayo. Jina la ukoo limekuwa nomino ya kawaida: watu husema “picha ya tingatinga” hata pale mchoraji asipojulikana. Iwapo picha hizo zitazidi kuzalishwa kwa kompyuta, huenda neno hilo likadumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu aliyeokota vibao vya dari na kuvipaka rangi ya baiskeli. Kuieleza asili yake, basi, ni sehemu ya kazi ya wataalamu wa Kiswahili.