Nyumba ya Lin An Tai

Mhamiaji hutambulikana kwa mambo mawili: alichochukua alikotoka, na alichojenga alikofika. Katika mji wa Taipei, kisiwani Taiwan, iko nyumba iliyoyakusanya yote mawili.

Ukoo wa Lin ulitoka Anxi, katika jimbo la Fujian, ukavuka bahari katika karne ya 18. Zama hizo dola ya Qing iliwazuia mara kwa mara wavukaji wasifuatane na jamaa zao, kwa kuchelea kisiwa kisije kikawa maskani ya waasi. Kwa hiyo wengi waliishi huko kama wapita njia. Akina Lin walifanya biashara, wakastawi, na baina ya 1783 na 1785 wakajenga. Jina la nyumba ni ushahidi: "An" limetwaliwa katika Anxi, walikozaliwa, "Tai" katika Rong Tai, duka lililowapa riziki.

Nyumba imeuzunguka ua ulio wazi kwa jua na mvua. Ukumbi wa kati ni wa madhabahu ya wahenga, wala si wa mtu aliye hai. Vyumba vya ubavuni huwa chini yake kwa kimo kama vilivyo kwa heshima. Mbele liko bwawa mfano wa mwezi nusu, na kiwanja kilichosakafiwa kwa mawe ambayo yasemwa yalikuwa farumi ya marikebu zilizotoka bara. Aliyejenga hivi hakukusudia kurejea.

Mwaka 1978 barabara ya Dunhua ilipopanuliwa, nyumba ilikuwa njiani. Ilifumuliwa kipande kwa kipande, na katika miaka ya 1980 ikasimamishwa upya karibu na mto Keelung, ikawa makumbusho. Je, hii ni nyumba ile ile?

Yuko atakayejibu kwamba kuhama si aibu kwake, kwa kuwa hata mawe yake yalikwisha vuka bahari. Hoja hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Hapo kwanza watu walihama, na mawe yakawafuata ili wapate kukaa. Mara ya pili mawe yalihama peke yake. Ua ulifanywa ili wana na wajukuu waonane kila asubuhi. Leo huonana humo wageni wasiojuana. Jengo limeokoka, nasi tushukuru. Bali tusidhani kwamba makazi nayo yameokoka.