Jicho Kuukuu, Kamera Mpya



Juu ya kabati nyumbani kwetu Mlandege palikuwa na kopo la biskuti. Lilikaa hapo tangu alipofariki kaka yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani yake mlikuwa na kamera ya Praktica iliyokwisha kufa, lenzi yake, na kitambaa kilichofungiwa mchele mkavu ili unyonye unyevu. Mwaka 2022 mjukuu wake alinijia na kamera ya dijitali ya Sony aliyoinunua imeshatumika, bodi tupu, kwani fedha zake zilimtosha bodi tu. Akaniuliza, "Babu, lile jicho la kamera ya marehemu bado lipo?" Nikamjibu kwa maneno ambayo leo nayaonea haya: "Lipo, lakini litakufaa nini? Mambo ya kale hayo."

Nilimjibu kijana kwa ujinga, na mwalimu akijibu kwa ujinga hana budi kurudi vitabuni.

Basi nilirudi hadi kwa Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufia Misri yapata mwaka 1040. Kabla yake wengi waliamini kuwa jicho hutoa mishale ya nuru ikaenda kuvipapasa vitu. Yeye katika Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, alibainisha kinyume chake: nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Tena aliandika risala juu ya sura ya jua linapopatwa, akaeleza vipi nuru ikipita katika tundu dogo huchora ukutani umbo la kule ilikotoka. Ikiwa ulikuwa Unguja tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, huenda uliliona jambo hili kwa macho yako: chini ya miembe, kila kijitundu baina ya majani kilimwaga mchangani hilali ndogo, mamia kwa mamia. Hiyo ndiyo kamera, kabla ya kuwapo kamera.

Wapo wasemao kuwa hata neno "kamera" ni la Kiarabu, kutokana na "qamara". Maneno matamu, lakini sivyo. Ni neno la Kilatini, na maana yake ni chumba. Hatuna haja ya kumpamba Ibn al-Haytham kwa sifa isiyo yake. Zilizo zake zinamtosha. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa Kilatini mjini Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma.

Hapa kwetu sanaa hii ililetwa na watu wa biashara. Katika karne ya 19 Wagoa kina Gomes na kina Coutinho walifungua maduka ya picha Mji Mkongwe, na sura nyingi za Unguja ya kale tulizo nazo zimepita mikononi mwao. Ranchhod Oza alifanya kazi katika duka la Gomes, kisha mwaka 1930 akafungua lake, Capital Art Studio, na mwaka 1983 mwanawe Rohit akaliendeleza. Nani katika wazee wetu hakusimama mbele ya pazia lao, kanzu imepigwa pasi, pumzi ameizuia? Ni kweli wako walimu waliochukia picha. Lakini Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuijuzisha, na hoja yake ilikuwa kwamba mpigaji hakuumba kitu, amekizuia kivuli tu. Marehemu kaka aliipenda sana hoja hiyo, na nadhani aliipenda kwa sababu ilimwachia kamera yake.

Kamera hiyo aliipata kwa Wajerumani. Utakumbuka kuwa baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilifungamana na Ujerumani ya Mashariki, na wataalamu wao wakaja kusaidia ujenzi wa majumba ya ghorofa. Mmoja wao alipokuwa akirejea kwao alimwachia kaka Praktica, iliyoundwa Dresden, pamoja na lenzi mbili. Ile fupi ilikuwa Tessar ya milimita 50, kazi ya Zeiss wa mji wa Jena. Asili yake ni mchoro wa Paul Rudolph wa mwaka 1902: vioo vinne tu, viwili kati ya hivyo vimegandishwa pamoja. Zaidi ya miaka 100 imepita na mchoro huo haujachakaa.

Kilichochakaa ni kamera. Pazia lake la ndani lilioza kwa unyevu wetu huu, na fundi wa kulitengeneza hakupatikana. Hapo sote tukadhani kuwa bodi ikifa, na lenzi nayo imekufa. Ile ndefu, ya milimita 135, mimi mwenyewe nilimpa mtoto wa jirani achomee karatasi juani. Hata leo sijui iliko. Silaumu mtoto.

Sasa zingatia, msomaji, kosa letu lilikuwa wapi. Ndani ya Praktica, nyuma ya lenzi, kuna kioo kilichoinama kinachorusha sura juu hadi kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo huruka juu, nuru ikapita hadi kwenye filamu. Kioo hicho kinataka nafasi ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo lenzi za uzi wa milimita 42, walizozitumia Wajerumani, Warusi na Wajapani pia, ziliundwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu, si zaidi wala si pungufu. Mwaka 2008 Panasonic walitoa kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo hicho kabisa: nuru huangukia moja kwa moja juu ya kibamba kinachoitwa sensa, na mpigaji hutazama kiwambo. Sony wakafuata mwaka 2010, na Nikon na Canon wakaingia kwa nguvu mwaka 2018. Kioo kilipoondoka, nafasi yake nayo ikaondoka. Katika Sony lenzi hukaa milimita 18 tu mbele ya sensa.

Toa 18 katika 45.46, utabakiwa na 27.46. Pete ya chuma yenye kimo hicho, upande mmoja ina uzi wa Praktica, upande wa pili ina meno ya Sony, ndiyo dawa yote. Haina kioo wala waya. Ni hewa iliyozungushiwa chuma. Canon walipobadilisha mdomo wa kamera zao mwaka 1987, wenye lenzi za zamani waliachwa ufukweni, na pete ya namna hii ndiyo iliyokuja kuwarejesha chomboni baada ya miaka 20 na ushei. Wala jambo hili haligeuki: lenzi ya leo huwezi kuifunga kwenye Praktica, kwani ingebidi izame ndani ya bodi, na humo imo njia ya kioo.

Kijana aliagiza pete. Ya kwanza ilichongwa vibaya, ilizidi kwa unywele mmoja. Vya karibu vilionekana sawa, lakini minara ya mbali ilibaki na ukungu hata ukiizungusha lenzi hadi mwisho wake. Ya pili ilikaa. Kisha kamera yenyewe ikagoma, ikidai kuwa haina lenzi, mpaka alipoingia katika mipangilio yake akairuhusu kupiga bila ya lenzi. Nilicheka sana. Lenzi ya Jena imefungwa mbele yake, nayo inasema haioni kitu!

Baada ya hapo kazi yote ni ya mkono na jicho. Tundu la nuru unalibana mwenyewe, na umbali unaupima mwenyewe kwa kuzungusha pete ya lenzi polepole huku kiwambo kikikuza sehemu unayoitaka. Siku za mwanzo picha zake nyingi hazikukaa. Sitakwambia kuwa ya kale ni bora kuliko ya sasa. Lenzi mpya ni kali zaidi, na mtoto anayekimbia haumwahi kwa mkono. Pembezoni mwa Tessar yetu mna kuvu kidogo, na ukiielekeza juani picha hupauka. Lakini kijana aliyezoea kupiga picha 50 kabla sijamaliza salamu, sasa namwona anasimama, anatazama, kisha anauliza yule mzee amekaa umbali gani.

Lililonifanya niandike ni hili. Katika kopo mlikuwa na picha ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, aliyoipiga kaka mwaka 1976 kwa lenzi hii hii. Nyuma yake aliandika kwa penseli: hatua 60. Jumba hilo, kama ujuavyo, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Kijana alitaka kuipiga upya kutoka pale pale aliposimama babu yake. Tukenda Forodhani asubuhi, nikahesabu mimi hatua. Kwenye hatua ya 60 jumba halikuenea. Sensa ya kamera yake ni ndogo kuliko filamu, huchukua sehemu ya kati tu ya sura, hata lenzi ya 50 ikawa kama ya 75. Nikafanya hesabu kichwani: 60 mara moja na nusu. Akarudi nyuma taratibu, mimi nikihesabu kwa sauti na wauza urojo wakitutazama, mpaka 90.

Hapo jumba likaenea. Alizungusha pete ya lenzi, akaongeza, akapunguza, akabonyeza mara moja. Picha zote mbili zimo katika kopo sasa, ukubwa mmoja. Katika ya pili, pale palipokuwa na saa, lenzi imechukua anga.