Mikutano ya video: namna ya kuchunga mlango

Katika mikutano ya asosiasi zetu kulikuwa sikuzote mtu mwenye kukaa karibu na mlango na daftari. Kila mwenye kuingia aliandika jina, namba ya simu na sahihi. Mwenye sura isiyojulikana aliulizwa kwa adabu: « Papa, umetumwa na nani? » Ile daftari ilikuwa ya kuhesabu watu na pesa za transporti, lakini ilifanya pia kazi nyingine ambayo watu hawakuitaja: ilijulisha nani amesikia nini.

Tangu Covid ya mwaka 2020, na zaidi sana tangu mwanzo wa 2025, wakati Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23 na kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa, mikutano mingi imehamia kwenye simu. Komite moja inaweza kuwa na memba Goma, wawili Beni, mmoja Bujumbura, mwingine Kampala, na mwenye kuchunga kesha akiwa Kinshasa. Wanakutana kwa Zoom, kwa Google Meet, kwa Teams ao kwa WhatsApp. Daftari imepotea njiani.

Mambo yanaanzia kwenye kiungo, ile watu wengi wanaita lien. Wengi wanazani kama kiungo ni anwani tu, na kama neno la siri njo linalinda. Kwa kweli, kiungo cha Zoom mara nyingi kinabeba neno la siri ndani yake: ile safu ndefu ya herufi ku mwisho. Mwenye kukibonyeza haulizwi kitu. Kwa hiyo kutuma kiungo katika grupe ya WhatsApp ni kugawa ufunguo, si kuonyesha nyumba tu. Na grupe ya WhatsApp inaweza kufikisha watu 1024. Nani anaweza kusema kama anawajua wote? Kuna namba za watu waliopoteza simu, za waliobadilisha upande, za ndugu waliorizi laini ya mtu aliyekufa.

Ulimwengu ulijifunza hilo kwa haya. Katika mwezi wa tatu 2020, watu walianza kuvamia mikutano ya Zoom ya shule na makanisa huko Marekani, wakionyesha picha chafu na kutukana. Tarehe 30 ya mwezi huo, ofisi ya FBI ya Boston ilitoa onyo kisha shule mbili za Massachusetts kuvamiwa. Siku chache nyuma, mwanzoni mwa mwezi wa ine, Zoom iliweka neno la siri na chumba cha kungojea moja kwa moja kwenye akaunti za bure. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 85 ili kumaliza kesi ya watumiaji waliolalamika juu ya maisha yao ya siri na juu ya uvamizi huo.

Lakini mvamizi mwenye kelele si yeye wa kuogopewa sana. Huyo anaonekana, anatolewa, mkutano unaendelea. Katika eneo letu hatari ni ule mwenye kunyamaza: kamera imefungwa, mikro imefungwa, jina ni « Samsung » ao « iPhone », anasikia kila kitu saa moja nzima, kisha anatoka bila kuaga. Kama mkutano ulikuwa juu ya mafundisho ya kupanda viazi, hakuna hasara. Kama ulikuwa juu ya majina ya waliotoa ushuhuda, ni jambo lingine kabisa.

Chumba cha kungojea, ambacho ku simu za Kifaransa kimeandikwa « Salle d'attente », ni kile kiti cha karibu na mlango. Mwenye kubonyeza kiungo hafiki ndani. Anabaki nje, haoni mtu, hasikii kitu, mpaka mwenye mkutano amkubali. Shida yake ni kama mlinzi anaona jina tu, tena jina ambalo mgeni mwenyewe ameandika. Mtu yeyote anaweza kujiita « Mama Prezida ». Na simu nyingi zinatuma jina la simu yenyewe, hivi mlinzi anakuta « Tecno » wawili na « Itel » mmoja wanagonga pamoja.

Dawa si ya teknolojia. Mbele ya mkutano, watu wanapatana namna ya kuandika jina: kwa mfano jina moja na mahali. Mwenye kufika bila hilo anaandikiwa ao kupigiwa pembeni, kwa namba iliyojulikana tangu zamani, na si kwa namba anayotoa sasa hivi. Lakini hapo kuna upande wa pili ambao mafunzo mengi yanasahau. Liste ya walioingia inaonwa na wote waliomo ndani, na picha ya ekrani inachukuliwa kwa sekunde moja. Kwa kikundi chenye watu wanaotafutwa, jina kamili na mahali ni kujitoa wenyewe. Vikundi vya namna hiyo vinafaa kutumia neno lililopatanwa, ao namba ya memba, na mlinzi peke yake anachunga karatasi yenye kujulisha ni nani. Karatasi, si faili ya simu.

Mlinzi asiwe mwenye kuongoza mazungumuzo. Hili ni kosa la kila siku. Prezida anaongea, ananyoosha mambo ya kesha, ujumbe unatokea juu ya ekrani kama kuna watu sita wanangoja, anabonyeza « kukubali wote » ili arudie kazi yake. Chumba cha kungojea kimekuwa bure. Kama akaunti inaruhusu, mtu wa mlango anapewa nafasi ya msaidizi. Kama hairuhusu, ni vizuri yeye njo awe mwenye mkutano kwenye programu, na prezida aingie kama memba wengine akiongoza maneno tu. Wamoja wanaona hiyo ni kumshusha mkubwa. Si kweli, hata kwenye sherehe, papa wa arusi hakai mlangoni.

Mida nayo inaleta mwanya. Zoom ya bure inakata mkutano kisha dakika 40, na Google Meet ya bure kisha dakika 60 kama watu ni watatu ao zaidi. Watu wanarudi haraka kwa kiungo kile kile, kila mtu ana haraka, mega zinaisha, na kwenye ile kurudi mlinzi haangalii tena. Zaidi ya hapo, saa za Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na Kampala iko mbele ya Goma kwa saa moja. Mualiko wenye kusema « saa tisa » tu unaleta watu mlangoni kwa mida mitatu tofauti. Inafaa kuandika saa tisa ya wapi.

Kuna pia kitufe cha kufunga mkutano kabisa, « Verrouiller la réunion ». Kikibonyezwa, hata mwenye kiungo haingii. Katika inchi zenye umeme wa kudumu ni shauri zuri. Huku kwetu kinawafungia nje watu wa ndani: umeme unakatika Beni, memba anatoka bila kupenda, anarudi anakuta mlango umefungwa. Bora chumba cha kungojea na mlinzi mwenye macho. Kumtoa mtu ni tofauti: kwenye Zoom, aliyetolewa hawezi kurudi katika mkutano ule, isipokuwa kama mwenye akaunti amebadilisha regle hiyo.

Teams inahitaji maelezo yake, kwa kuwa wafazili wengi wanaitumia. Huko, « mgeni » na « mtu asiyejulikana » si kitu kimoja. Asiyejulikana ni mwenye kubonyeza kiungo bila akaunti. Kwa kawaida anabaki kwenye chumba cha kungojea, na ndiyo sababu memba wa asosiasi za hapa wanakaa huko dakika kumi wakizani mtandao umekufa. Mgeni ni mtu ambaye shirika limeandika barua-pepe yake katika mfumo wake. Huyo anaweza kuona faili na ujumbe wa kikundi alichowekwa ndani, siyo mkutano tu. Mradi unaisha, mtu anabadilisha kazi, jina lake linabaki mule. Ni kama kumwachia ufunguo wa biro. Asosiasi yenye kufanya kazi na wafazili ina haki ya kuuliza: nani bado yumo?

WhatsApp ni ya watu 32 kwa mazungumuzo ya video, na faida yake ni kama namba za watu zinajulikana. Kwenye Jitsi, kufungua chumba kwenye meet.jit.si kunaomba akaunti tangu 2023, lakini waalikwa wanaingia bila akaunti. Kwa hiyo neno la siri linawekwa kila mara.

Hata mlango ukichungwa vizuri, simu ya pili ikiwekwa karibu na spika inashika sauti yote, na hakuna kitufe cha kuizuia. Sheria ya dijitali ya Congo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za kipekee za watu, lakini inasaidia kisha jambo kutokea. Kwa hiyo majina ya waliobakwa, mahali watoto wamefichwa, njia ambayo mtu atapitia kesho, havisemwi kwenye video hata kama wote waliomo wanajulikana.

Na kiungo cha mkutano wa mwezi uliopita kisitumiwe tena. Zoom inampa kila mwenye akaunti namba yake ya kudumu, na wengi wanaipenda kwa kuwa haibadiliki. Memba aliyefukuzwa mwaka jana bado anayo kwenye simu yake.