James de Vere Allen, mzungu aliyesoma viti na zidaka zetu

Ukilitaja jina la Allen mbele ya wapenzi wa vitabu hapa Pwani, kwanza utaulizwa: Allen yupi? Wako wawili, na watu huwachanganya. Yuko J.W.T. Allen, aliyekusanya hati za tenzi na kukifasiri kitabu cha desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyo tumuweke kando. Ninayemzungumzia hapa ni James de Vere Allen, mkuu wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu na mwandishi aliyeziandikia siwa, viti na nyumba zetu kuliko mtu yeyote wa zama zake.

Hakuanzia kwetu. Kabla ya kufika Lamu alisomesha historia katika Chuo Kikuu cha Malaya, na kitabu chake cha 1967 kinahusu mpango wa Waingereza wa 1946 wa kuziunganisha nchi za Malaya chini ya serikali moja, mpango ambao Wamalay waliupinga mpaka ukafutwa mwaka 1948. Mimi naona miaka ile ilimfaa sana. Mtu aliyekwisha kuishi na Waislamu wa bandarini, wenye masultani wao, adabu zao za kukaribisha wageni na biashara zao za baharini, hakufika Lamu akiwa na macho ya mtalii.

Alipofika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Lamu ilikuwa imeanza kugunduliwa. Wageni walikuja kwa wingi, na nyuma yao wanunuzi. Milango ya nakshi iling'olewa, vitanda na viti vya kale vikatoka majumbani, na sahani za Kichina zilizokaa vizazi na vizazi zikauzwa kwa bei ya haja ya siku ile. Sitawalaumu waliouza, maana njaa haili mlango. Lakini kitu kikishatoka namna hiyo hakirudi, na wala hakibaki na maelezo: anayekinunua hajui kilikaa chumba gani, wala nani alikikalia.

Makumbusho yaliwekwa katika jumba la ufukoni ambalo awali lilikuwa makao ya wakuu wa serikali ya kikoloni. Hapo ndipo kazi ya Allen ilipokuwa na maana. Alikusanya vitu pamoja na habari zake. Kitabu chake kidogo cha kuongoza wageni mjini Lamu kilitoka 1974, na mwaka uo huo akachapisha katika jarida la Azania makala iliyotikisa kidogo meza za wataalamu.

Ili kuelewa mtikisiko huo lazima ukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1954 James Kirkman, mtu aliyeichimbua Gedi na baadaye Fort Jesus, alichapisha kitabu chake juu ya magofu ya Gedi na kukiita, kwa Kiingereza, kitabu cha mji wa Waarabu. Jina la jalada tu linatosha. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na wenyeji walikuwa watumishi na watazamaji. Allen aliuliza swali jepesi: kama utamaduni huu uliletwa mzima mzima kutoka Uarabuni, mbona vitu vyenyewe havifanani na vya Uarabuni?

Tazama siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na urefu wake unazidi mita mbili. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Mwaka 1976 Allen aliandika makala nzima juu ya hizi mbili, na jambo analolikazia liko kwenye kichwa cha makala: ni pembe zinazopulizwa ubavuni, si nchani. Namna hiyo ya kupuliza ni ya Kiafrika, utaikuta bara kote. Siwa haikuwa ngoma ya kila mtu. Ilipigwa katika harusi na sherehe za watu wakubwa, na mwenye haki ya kuipigisha ndiye mwenye mji. Kwa hivyo chombo kilichokuwa alama kubwa kabisa ya enzi katika miji hii kilikuwa na mizizi papa hapa. Hoja hiyo huihitaji kuisoma chuoni. Ukisimama mbele ya siwa na kulitazama tundu lake utaiona.

Nyumba nazo alizisoma vivyo hivyo. Katika makala yake ya 1979 juu ya nyumba ya Kiswahili, anaingia na msomaji kutoka daka, akapita tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, mpaka ndani. Wasanifu wengine waliipima nyumba kwa mita. Yeye aliuliza nani anaruhusiwa kufika wapi, chumba gani mwana huzaliwa, maiti huoshwa wapi. Zidaka zile za chokaa ambazo wageni walizipiga picha kama pambo la ukuta, kwake zilikuwa sehemu ya mpangilio wa tohara na heshima ya nyumba. Wanawake wa Lamu walijua hayo siku zote. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Haishangazi kwamba mtu huyu alivutwa pia na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaozitazama nyumba za fahari za Pate zikiwa tupu. Tafsiri yake ya Kiingereza, pamoja na maelezo, ilitoka 1977. Na mwaka 1981 aliandika juu ya utengenezaji wa vitabu, hususan misahafu ya Siyu, ile yenye nakshi za rangi nyekundu, nyeusi na manjano zilizochorwa kwa mkono. Siyu ya leo ni kijiji chenye ngome. Watu wengi hawajui kwamba ilikuwa na makatibu na wachoraji ambao kazi yao inaweza kuwekwa kando ya kazi ya mji wowote wa Kiislamu.

Makala ninayoipenda zaidi ni ya 1989, kuhusu kiti cha enzi na viti vingine vya Waswahili. Ni kile kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu, pembe zilizopachikwa na kamba zilizosukwa. Hapa Allen hakudai kwamba kila ukucha wake ni wa Afrika. Alifuatilia mfano wake mbali, mpaka Misri na kwa Wareno na Wahispania, kisha akauliza Waswahili walikifanya nini kiti hicho kilipofika mikononi mwao. Wakakigeuza kuwa kiti cha mgeni wa heshima na cha mwenye hukumu. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kusema habari za watu wa bandari: kuchukua kitu si aibu, na kukichukua hakukufanyi mgeni kwenu.

Kitabu chake kikubwa, juu ya asili ya Waswahili na Shungwaya, kilitoka 1993 naye ameshafariki. Hapa ndipo mimi namuacha njiani. Shungwaya tunaisikia kwa Wamijikenda, kwa Wabajuni, kwa Wasegeju. Allen aliichukua simulizi hiyo akaijenga kuwa mfumo mkubwa wa utawala, uliowachanganya wafugaji wa Kikushi na wakulima wa Kibantu, na kutoka humo akatoa karibu kila kitu cha miji yetu. Simulizi inabebeshwa mzigo mzito mno. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walipita njia ya lugha wakaonyesha ukoo wa Kiswahili miongoni mwa lugha za Kibantu za pwani bila kuhitaji dola hiyo. Naye Mark Horton, aliyeanza kuchimba Shanga mwaka 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya miti iliyotangulia, kizazi juu ya kizazi. Mji ulikua mahali pake. Ushahidi huo unamuunga mkono Allen wa siwa na viti kuliko Allen wa Shungwaya.

Hata hivyo, wako wanaotuambia hadi leo kwamba Mswahili hana asili, ni mtu wa mchanganyiko asiye na kwao, na maneno hayo hutolewa hata katika mambo ya ardhi na vitambulisho. Majibu yamo katika makala za Allen, lakini yamelala kwa Kiingereza katika majarida ya miaka hamsini nyuma. Fundi mmoja wa Langoni, anayechonga viti vya enzi kwa ajili ya mahoteli, aliniuliza ni wapi ataipata ile ya 1989, angalau picha zake. Nilimtolea nakala. Alipita maneno yote, akatulia kwenye picha moja, akahesabu vipande vya pembe, kisha akaniambia kwamba mguu wa kushoto ulitengenezwa upya na mtu mwengine.