Kutoka Kujibizana hadi Kukariri: Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili Shuleni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ulikuwapo zamani kabla haujawa somo la darasani. Katika Mombasa ya karne ya 19, tungo za Muyaka bin Haji (1776–1840) zilisikilizwa na watu waliojua kwamba kinachosemwa wazi hubeba kingine kilichofichwa, hasa mshairi alipogusa uhasama kati ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sultani Seyyid Said. Mshairi alimfumbia mwenzake, na mwenzake akalazimika kufumbua na kumjibu kwa vina na mizani ile ile. Kuchambua shairi kulikuwa sehemu ya kujibizana, na aliyeshindwa alishindwa mbele ya watu. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo za Muyaka na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor maana na mazingira yake. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens.

Shule ya kikoloni haikuurithi mchezo huo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, haja kubwa ilikuwa vitabu vya kusomea. Vingi vilikuwa tafsiri: Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, hadithi za Alfu Lela Ulela. Vilitumika kufundishia lugha. Mwanafunzi aliyeeleza nani alikwenda wapi na kupata nini alikuwa amemaliza kazi yake. Nje ya darasa, gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliendelea kuchapa mashairi na majibu yake. Kwa hiyo msomaji wa gazeti alialikwa kubishana, ilhali mtoto wa shule alitakiwa kufahamu tu.

Kitabu kilichoonyesha wazi kasoro ya usomaji huo ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi na kuadhibiwa waliporudi na mawazo mapya. Akiulizwa habari tu, mwanafunzi ataorodhesha safari sita zinazofanana na kuchoka katika ya tatu. Akiulizwa kwa nini mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliiweka nchi yake angani, kitabu kinabadilika mkononi mwake.

Swali la namna hiyo lilipata nguvu baada ya 1967, Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilipoitaka shule ya Tanzania iitazame jamii yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Idara ya Kiswahili mwaka 1970, na wahakiki wa muongo huo, wengi wao wakiwa wameathiriwa na Umarx, waliuliza kila kazi inasimama upande wa nani. Hapo ndipo mgawanyo wa fani na maudhui ulipoota mizizi. Ulikuwa chombo kizuri: uliwalazimisha wasomaji kuona kwamba jinsi jambo linavyosemwa ni sehemu ya linalosemwa.

Wakati huo huo ukazuka ugomvi ulioifanyia fasihi mema kuliko mitaala mingi. Washairi Mulokozi na Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Kezilahabi akafuata na Kichomi mwaka 1974, tungo zisizotii vina na mizani. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi kamwe. Wanamabadiliko wakajibu kwamba arudhi, yaani kanuni hizo za utunzi, si roho ya ushairi. Mwanafunzi aliyeona mizani kuwa hesabu ya kuchosha sasa alikuwa na sababu ya kuihesabu, kwa kuwa alitaka kujua nani ana haki. Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi nayo ilipigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyozungumzia mapenzi bila kificho, kabla ya kuja kukubaliwa kuwa kitabu cha kiada. Ni vigumu kubuni kivutio kikubwa zaidi kwa kijana asiyependa kusoma.

Mtihani ndio ulioupoza moto huo. Fani ikagawanywa kuwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui yakawa dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo na falsafa. Kila kimoja kilikuwa swali halali, lakini pamoja vikawa fomu ya kujaza. Miongozo ikaingia sokoni ikiwa na fomu iliyokwisha kujazwa, na mwanafunzi angeweza kukariri dhamira za tamthilia ya Kinjeketile bila kujua kwamba Ebrahim Hussein alimwandika mtu anayeitilia shaka imani ya maji ya kuzuia risasi aliyoieneza mwenyewe. Uvivu anaolaumiwa mwanafunzi wa fasihi mara nyingi ni busara ya mtu aliyeona kwamba jibu limekwisha kuamuliwa.

Kenya ilipitia njia yake. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwamo simulizi, iwekwe katikati. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na fasihi simulizi ikapata nafasi pamoja na mbinu za kuikusanya nyanjani. Mwanafunzi aliyetumwa kurekodi ngano au methali kwa wazee alirudi na kitu ambacho hakuna mwongozo uliokuwa umekichambua.

Vitabu vyenyewe pia vilisogea karibu na wasomaji. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ilimpa mwanafunzi shujaa kijana, Kongowea, anayemtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kitale. Tamthilia kama Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) ziliandikwa kwa ajili ya jukwaa, na vikundi vya waigizaji vikazoea kuzunguka shuleni na vitabu teule. Baada ya igizo, wanafunzi hubishana kama mwigizaji amemtendea haki mhusika, na kila anayesema hakumtendea hulazimika kurudi kwenye ukurasa kutafuta ushahidi.